Jogoo wa Kukomboa Baiskeli

Dunda, Bagamoyo
9 Juni 2024

Mke mwenzangu Eufrazia, mjukuu wa mbeba mizigo,

Salamu zikufikie ukiwa umekaa, maana ukisimama unene huo unaziba mwanga na barua hutaiona. Sisi huku tu wazima, ila mama mkwe wangu, Bibi Hafidha, kifua kinambana tangu mfungo ulipoisha. Watoto hawajambo? Na mume wetu Medard, hajambo? Mwambie mke mdogo ananung'unika, zamu yake haifiki.

Mtu baki akiiokota barua hii atadhani kweli tumeolewa na mwanamume mmoja. Shauri yake. Utani wa Wakwere na Wanyamwezi hauna talaka, tangu babu yako alipofika Bagamoyo na mzigo kichwani akasahau njia ya kurudi Tabora. Na usiniulize tena kwa nini sikupigii. Simu ni ya misiba na hospitali. Matusi yanataka karatasi, uyasome tena siku ukiwa na njaa.

Kazi yangu ya kutembeza wageni kwa baiskeli imechangamka. Sasa nina njia yangu mwenyewe, nimeitafuta kijia kwa kijia. Unatoka Dunda, unapita Kaole kwenye magofu, unaiacha barabara na kuambaa mikoko mpaka Mbegani. Mlingotini maji yakijaa unabeba baiskeli begani. Zinga unakunywa dafu, halafu unaingia kwenye mikorosho, njia nyembamba ya mchanga mwekundu inayoteremka bila huruma, na hapo ole wako ushike breki ya mbele. Mteremko ukiisha umefika Mapinga, kwenye kijiwe cha bodaboda wanachokiita Mkorosho Mmoja. Nikishuka pale upepo unaingia mpaka kwenye meno, na mimi mama wa watoto watatu napiga kelele kama kichaa.

Raha hiyo Jumamosi iliyopita imeingia damu. Nilikuwa na wageni wanne, Watanzania wenzetu, mmoja mama mtu mzima kutoka Moshi. Katikati ya mikorosho wakatoka vijana watatu na mapanga. Yule mama alichelewa kuachia usukani, wakamkata mkono pale pale aliposhika. Vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwenye ngozi. Mimi nilikuwa na pampu ya chuma. Nilimpiga mmoja usoni mpaka nikasikia kitu kinavunjika ndani, nikampiga tena, na nikafurahi, Eufrazia. Mungu anisamehe, nilifurahi. Walikimbia na baiskeli mbili.

Sasa nimenunua filimbi. Nimezigawa kwa wauza madafu, wachoma mkaa na kijiwe chote cha Mapinga, ambako mdogo wangu Rehani ndiye mwenyekiti wa bodaboda. Rehani ndiye aliyetunga sheria: filimbi ikilia mara tatu, kila mtu atoke na alichonacho mkononi, maswali baadaye. Yule akisema kitu kijiweni, hata mbwa wanakaa. Kibaka atakayegusa tena baiskeli yangu atajuta kuzaliwa.

Nijibu upesi, ukiweza kunyanyua kalamu.

Mke mwenzio mdogo na mzuri,
Dija


Chalinze
20 Juni 2024

Dija, Mkwere mla nazi,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua huwezi kujibu, kwa hiyo nakujibia: milele amina. Huku tu wazima kwa neema yake. Medard yuko safarini na lori, amepeleka saruji Singida. Amesema mke mdogo ajifunze kupika kwanza, zamu baadaye. Pole kwa kifua cha Bibi Hafidha. Mpe tangawizi, na umpe nafasi asikusikie ukiongea, atapona.

Barua yako imesomwa hapa kibandani mbele ya watu, maana sasa nina msomaji. Mdogo wangu wa pekee, Emmanueli, ameshuka kutoka Tabora. Humjui. Bibi yetu mzaa mama alimlea huko tangu mama alipofariki, sasa amekuja kutafuta maisha na Medard kamtia gereji ya malori. Ana miaka ishirini na miwili na ana wazimu wa baiskeli. Mimi nakaanga chipsi, yeye anasoma. Alipofika kwenye njia yako akaisoma tena, akaichora kwa kidole kwenye unga wa ngano juu ya meza yangu: Kaole hapa, Mlingotini hapa, mteremko hapa. Nilimpiga na mwiko kwa kuniharibia unga. Sasa kila asubuhi ananiuliza tutakwenda lini kwa mtani.

Lakini Dija, filimbi zako sizipendi. Nakwambia bila utani. Mwezi wa pili hapa stendi ya malori mtu mmoja alipiga ukunga, "Mwizi wa betri!" Walimkamata kijana aliyekuwa ameikumbatia betri. Nilikuwa na karai la mafuta motoni, sikuweza kuondoka, nikaona yote. Walimvika tairi. Mtu akija kuungua hapigi kelele unayoijua. Jioni dereva mmoja akatoka usingizini kwenye lori lake akauliza, "Yule kijana niliyemtuma akachaji betri yangu yuko wapi?" Stendi nzima ikaangalia chini. Kesho yake walikuja kununua chipsi kwangu kama kawaida, na mimi niliwauzia.

Filimbi haina macho. Wanyang'anye.

Mke mkubwa, mwenye funguo,
Eufrazia


Dunda
7 Julai 2024

Eufrazia wa Medard wangu,

Salamu nyingi. Sisi tunamshukuru Mungu, ila Bibi Hafidha amezidiwa. Hali chakula, anataka tu uji na kunisema. Jana kaniambia kitanda nilichomtandikia ni cha maiti. Nikamwambia, "Mama, basi shuka nitandike cha bi harusi." Akacheka mpaka akakohoa damu. Muombee.

Umenitisha na habari ya betri, lakini huko kwenu Chalinze kila mtu mpita njia, hakuna anayemjua mwenzake. Huku filimbi zimefanya kazi. Wiki iliyopita Zinga zililia, wakamkamata mmoja wa wale watatu, namjua kwa kovu nililomwachia mimi mwenyewe usoni. Nilipofika walikuwa wamemvunja mikono yote miwili kwa mpini wa jembe. Anaomba maji, na mwanamke mmoja anamwaga maji chini mbele yake, kidogo kidogo. Nilisimama nikaangalia. Rehani ndiye aliyesema basi, wakamtupa kwenye bajaji apelekwe polisi. Kwa hiyo usiniambie hawana macho. Wana Rehani.

Wageni wamerudi. Nimepata na baiskeli mpya ya buluu, mtumba wa Ulaya, gia zinapokea kama unanong'ona. Haipandi mtu ila mimi. Pwani nzima inaijua.

Huyo Emmanueli mlete nimpitishe njia. Ila akija aje amefunga mikono kifuani. Nyie Wanyamwezi mkiingia nyumba ya mtani hamtoki mikono mitupu.

Mke mwenzio,
Dija


Chalinze
30 Julai 2024

Dija mtani wangu,

Pole mama, pole sana. Ulipopiga simu nilijua kabla hujasema, simu yako haina habari nyingine. Bibi Hafidha alinilisha wali nikiwa mtoto kama alivyokulisha wewe, na alinitukana kuliko wewe. Mungu amlaze pema.

Sikuja kumzika kwa sababu karai lilinipindukia, mguu wa kulia hauna ngozi toka goti mpaka kidole. Najikokota. Nimelia mara mbili, kwa mguu na kwa Bibi. Msiba wa Dunda bila mimi kuvuruga!

Kwa hiyo siku ya kuanua tanga namtuma Emmanueli, aliyekuletea barua hii. Ndiye mimi. Nimemfundisha yote. Atavaa kanga za marehemu aige alivyokuwa anatembea. Atakula nyama kabla ya wazee na hakuna wa kumgusa. Na atateka mali, kama ilivyo haki ya mtani, na hataitoa mpaka uikomboe. Sikwambii ataiteka nini. Ninachokwambia, anza kutafuta jogoo, na awe mwekundu.

Mcheke, Dija. Bibi asiondoke kwenye nyumba yenye kilio kitupu.

Mke mwenzio,
Eufrazia


Dunda
11 Agosti 2024

Eufrazia,

Sijui nikusalimu vipi. Afya yako siulizi, ninaijua. Nimepiga simu mpaka sauti ya yule mwanamke anayesema hupatikani naisikia ndotoni. Nakuandikia kwa sababu ni haki yako ujue kutoka kwangu, usisimuliwe na madereva.

Alifika asubuhi na barua yako. Aliwaua watu kwa kicheko. Alijifunga kanga za mama mkwe, akakohoa kama yeye, akanisema mbele ya mashehe kwamba mimi nimemuua kwa uji mbichi. Mume wangu Shuaibu, ambaye alikuwa hajafumbua mdomo tangu mama yake azikwe, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kijana wako akaruka barazani akaipanda baiskeli ya buluu. "Naiteka! Dada kasema jogoo mwekundu, la sivyo mtaikuta Tabora!" Nilimkimbiza na mwiko mpaka kona ya msikiti, kanga zinapepea, anapiga kengele. Nilirudi nikiwa na mbavu zinauma kwa kucheka. Nilidhani amekwenda stendi kupanda basi kwako.

Alipita njia yangu. Mama muuza madafu wa Zinga alimwona, akamuuliza unakwenda wapi, akajibu, "Nakwenda kuuona mteremko wa Dija." Hakuwa na haraka. Alishuka kwenye mikorosho mpaka Mapinga, na pale filimbi ikapigwa.

Walimzunguka. Wakamuuliza, baiskeli ya nani hii? Akacheka. Akasema, "Ya Dija, nimeiba! Mwambieni alete jogoo!" Eufrazia, wale wengi wao ni watu wa viwanja, wamehamia juzi kutoka Dar, utani wa msibani hawaujui. Mtu kakamatwa na mali ya wizi, kavaa kanga za kike, anakiri na anacheka. Walianza na mawe. Halafu cheni za pikipiki.

Mimi nilifuatwa na bodaboda, anafurahi, "Dada, mwizi wako tumemkamata, njoo utambue mali." Nilidhani ni kibaka mwingine. Nilipofika watu wakanipisha. Nikaona baiskeli kwanza, imelala, gurudumu limepinda. Mtu akaniuliza, "Yako hii, dada?" Nikasema, yangu.

Na jiwe likashuka.

Ndipo nikaziona kanga za mama. Nililala juu yake, nikawapigia kelele, nikang'ata mkono wa mtu aliyeshika kidumu cha petroli. Taya lake lilikuwa limevunjika, hawezi kusema. Jicho moja lilikuwa linaniona. Alifia mapajani mwangu kabla gari halijapatikana, na watu wote wale walikuwa wameshaondoka, pamebaki ndala na mawe.

Siku ya mazishi nilikuja kwako na jembe. Kaburi la mtani ni kazi yangu. Medard alinikuta getini, akaniwekea panga shingoni, akaniambia nirudi nilikotoka kabla hajachimba mawili. Simlaumu. Nilimwona kwenye lori lake ameipakia ile baiskeli, imepinda. Naomba mkaitupe.

Polisi wanakuja Mapinga wanauliza, kila mtu hakuwepo. Filimbi nimezikusanya, nimezichoma moto jikoni. Zinanuka mpaka leo.

Niandikie hata tusi moja.

Dija


Chalinze
25 Agosti 2024

Dija,

Salamu sina.

Nilimwosha mwenyewe. Mguu wangu huu bila ngozi, nimekaa sakafuni na beseni. Nimetoa mchanga mwekundu puani mwake, nimetoa kipande cha cheni begani. Umenieleza vizuri sana ule mchanga wako, niliujua nilipouona. Meno niliyakosa manne. Kanga za Bibi Hafidha sikuweza kuzitoa, zilikuwa zimeshikana na ngozi, tukamzika nazo.

Nilimtuma mimi. Nilimwambia teka ile ya buluu anayoringia, pita njia yake yote ili akome. Maneno hayo niliyasema huku nacheka, na nitayasikia mpaka nife. Hilo ni langu, sikugawii.

Lako ni hili. Barua zako zote mbili za mwanzo zilijaa Rehani. Rehani mwenyekiti, Rehani akisema mbwa wanakaa, wana Rehani. Hii ya mwisho, ndefu kuliko zote, Rehani hana hata mstari mmoja. "Filimbi ikapigwa." "Jiwe likashuka." Dija, filimbi haijipigi. Jiwe halishuki lenyewe.

Sasa sikiliza. Uani kwangu kuna madumu ya petroli. Medard na madereva wenzake wamekubaliana siku ya arobaini waende Mapinga na malori mawili. Watachoma kijiwe na atakayekuwa ndani yake, awe alikuwepo siku ile au hakuwepo. Wamenunua na nondo. Wanakaa hapo kila jioni, hawalewi, hiyo ndiyo inayonitisha. Mume wangu atakuwa muuaji, na watoto wa watu ambao hawakurusha hata kokoto watavikwa tairi kama yule wa betri.

Ninaweza kuwazuia kwa kitu kimoja tu, niwaambie aliyeua yuko mikononi mwa polisi kwa ushahidi wa mtu aliyeona. Aliyeona ni wewe. Usiniletee jina mimi. Ukiniletea mimi, Medard atalipata na mdogo wako hatafika kesho yake. Lipeleke kituoni kwa miguu yako na ulitamke kwa kinywa chako, mbele ya mama yenu kama ikibidi.

Wewe una mdogo wako mmoja. Mimi nilikuwa na mmoja.

Dada yake Emmanueli


Dunda
8 Septemba 2024

Eufrazia,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, nivumilie. Wa kulia umefungwa plasta ngumu. Mguu wako unaendeleaje? Najibiwa au sijibiwi, nauliza.

Barua yako ilikaa chini ya godoro kwa wiki nzima. Ningekuambia sikulala lakini nililala, nilitaka kulala tu. Kisha nikamwita Rehani nyumbani kwa mama yetu mzazi, nikamuuliza mbele yake. Hakukana. Filimbi aliipiga yeye, aliiona baiskeli yangu na mtu asiyemjua juu yake. Na lile jiwe lililoshuka niliposema yangu, mkono ulikuwa wake, mimi niliuona siku ile ile. Akasema, "Dada, mwenyewe alisema ameiba. Alikuwa anatucheka." Akalia. Alilia kama alivyokuwa akilia mdogo, makamasi mpaka kidevuni. Nikamwambia jisalimishe. Akavaa viatu, akatoka. Mama akanishika miguu. Aliponiona nafunga ushungi wangu akaniachia akasema, "Ukimuuza ndugu yako kwa Wanyamwezi, usinizike."

Nilikwenda kituoni Bagamoyo. Nilimtaja Rehani na wengine wanne niliowaona. Wakaandika, nikatia dole gumba na sahihi vyote viwili.

Askari wawili wakanichukua nikawaonyeshe kijiwe. Ilikuwa mchana, watu wamejaa. Rehani alipotuona akakimbia. Alikimbilia kwenye mikorosho, juu ya mteremko ule, na askari nyuma yake. Eufrazia, nilizichoma filimbi zote nilizozipata. Moja ilibaki kwa mtu. Mtu akiona anayekimbia na polisi nyuma yake, anajua nini? Ikalia mara tatu.

Walitoka kwenye nyumba mpya, kwenye vichaka, kwenye matofali yao. Wengi hata hawakujua ni mwenyekiti wao, walimwona mgongo. Walimwangusha pale pale mchanga ulipo laini. Nilisikia sauti ile ile ya siku ile, jiwe kwenye nyama. Nilisimama, nakuambia kweli, nilisimama kidogo. Nilisema moyoni, muacheni aonje. Halafu akapiga kelele, "Dada!", na miguu yangu ikaenda yenyewe.

Nililala juu yake. Mkono wa kulia ulivunjwa kwa nondo, mara mbili. Mtu alinipiga teke la kichwa, sikio hili halisikii. Nilikuwa nawatukana Kikwere, Kiswahili, lugha zote. Askari wakafyatua risasi hewani ndipo wakatawanyika, na walipotuona sura wakaanza kulia, "Jamani ni Rehani! Jamani ni Dija!" Watu wale wale.

Rehani yuko hai. Jicho la kushoto limekwenda. Yuko hospitali, amefungwa pingu kitandani, na wale wanne wameshakamatwa. Nitasimama mahakamani niseme niliyosema kituoni. Mama hajaniita tangu siku hiyo, ananipita barazani kama anapita gogo. Shuaibu ndiye ananilisha.

Nakuomba moja. Arobaini inakuja, na mtani hajafanya kazi yake. Sikumchimbia hata koleo moja la udongo. Sikumtania, hakuna aliyemtania, amezikwa kwa kilio kitupu. Ukisema nisije, sitakuja, na sitakuandikia tena. Ukinyamaza nitajua umesema nisije.

Dija


Chalinze
11 Septemba 2024

Kwako Mkwere mla nazi,

Tumsifu Yesu Kristu. Huwezi kujibu. Najibu mwenyewe, milele amina.

Mguu umeanza kuota ngozi, ya waridi, mbaya kama wewe. Watoto hawajambo.

Barua yako nilimpa Medard aisome mwenyewe, msomaji wangu hayupo. Aliisoma uani amesimama. Akarudia pale pa nondo. Kisha akachukua yale madumu, moja baada ya jingine, akayamiminia kwenye tangi la lori, akaondoka kwenda Singida na saruji. Akirudi ndipo arobaini, Jumamosi hii, na yeye ndiye atakayekufungulia geti. Nimemwambia hivyo na ameitika.

Sijakusamehe, usije ukadhani. Asubuhi naamka nakuchukia kabla sijakumbuka ni kwa nini. Rehani simtaki hata jina lake nyumbani kwangu, na mahakamani nitakaa mstari wa mbele nikuangalie mdomo. Ila umenuna peke yako huko Dunda na mama hakusemeshi, na nani atakusema kama si mimi?

Baiskeli haikutupwa. Askari walikuja wakaipiga picha, wamesema nisiiguse mpaka kesi iishe. Ipo stoo. Usukani umepinda, gurudumu la mbele limejikunja kama nane, kengele nzima. Watoto wanaingia kuipiga na mimi siwakatazi.

Mjomba wao aliiteka kihalali, siku ya tanga, mbele ya wazee, na kesi ikiisha haitoki hapa bure. Njoo Jumamosi. Panda basi, pita Msata, njia zako za porini niondolee. Utafagia kaburi kwa mkono wa kushoto na utamtania mdogo wangu mpaka watu wacheke, hata kama utacheka peke yako.

Na uje na jogoo. Mwekundu. Alisema mwekundu.

Mke mwenzio,
Eufrazia